Kitanda cha Maranda

Asubuhi za Bunju huanza na sauti ndogondogo. Kabla jua halijapanda juu ya bati la nyumba ya jirani, Editha huwa ameshazisikia zote akiwa bado chini ya shuka: jogoo wa Bi Wahiba, ndoo ikigonga ukingo wa kisima, na baba yake akigonga patasi kwa nyundo ya mti. Tok, tok, tok, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hataki kuwaamsha wenyewe.

Baba yake, Albano, alikuwa mchongaji aliyetoka Newala zamani. Alichonga vinyago vya mpingo na vigoda vya mninga, akavipeleka soko la vinyago la Mwenge kuuza. Karakana yake ilikuwa uani, nguzo na bati tu. Chini ya meza ya kazi yalirundikana maranda yaliyoanguka kutoka kwenye randa, mepesi, yamejikunja kama nywele za mtoto mchanga, yana harufu tamu. Katikati ya maranda hayo, juu ya gunia kuukuu, ndipo alipolala Togwa.

Togwa alikuwa mbwa wa rangi ya kinywaji cha togwa hasa, ile ya mtama iliyopoa. Sikio lake moja lilisimama na jingine lililala, kama anayesikiliza habari mbili kwa wakati mmoja. Mchana kutwa alilala pale chini, vumbi la mbao likimshukia mgongoni polepole, mpaka ukimwita akainuka, unaona kama kipande cha mti kimepata miguu. Kazi ya Editha, aliyekuwa darasa la sita, ilikuwa kumpa chakula na maji, na kuhakikisha geti limefungwa kila anapopita mtu.

Geti lilikuwa na sababu yake. Togwa hakuogopa wezi wala mvua, ila aliogopa mlio mkubwa wa ghafla. Siku ya Pasaka watoto wa mtaani walilipua fataki, geti likiwa wazi, naye akatoka mbio bila kuangalia mbele. Akamvaa Mzee Hashil, mume wa Bi Wahiba, mwenye duka la jirani, aliyekuwa akirudi kutoka msikitini. Mzee alianguka, kanzu yake nyeupe ikachanika mpaka gotini. Togwa hakumng'ata, lakini mzee wa watu alichechemea wiki nzima.

Albano aliona aibu sana. Alikwenda kumwomba radhi, akampa ahadi mbele ya majirani: Togwa akionekana tena nje ya geti peke yake, atapelekwa Vingunguti kwa Valerian, kaka yake Albano, akalinde godauni. Huko mbwa hukaa kwenye mnyororo usiku na mchana. Na Albano hakuwa mtu wa kutoa neno halafu akalisahau. Ndiyo maana Editha kila alipopita getini alirudi nyuma mara ya pili kulitikisa komeo.

Krismasi ilipokaribia, binamu yake Edgar alikuja kutoka Ukonga kukaa nao likizo. Alikuwa mdogo kwa Editha kwa mwaka mmoja, lakini kwa maneno alikuwa mkubwa. Siku moja kabla ya sikukuu, mama yake Editha, Rosalia, aliwaambia wasafishe nyumba na uani pote, maana wageni wangekuwa wengi.

Editha alikuwa mtoto wa kazi. Alifagia, akadeki, akapangusa madirisha. Alipofika karakana, baba yake alikuwa ameshafunika vyombo vyake kwa ajili ya mapumziko. Editha akaliangalia lile rundo la maranda, akaona haya wageni wakilikuta. Yeye na Edgar wakayazoa yote wakayajaza kwenye viroba. Bi Wahiba akafurahi kuyapokea juu ya ukuta, kwani alifuga kuku wa mayai na banda lake lilihitaji matandiko mapya. Kisha Editha akalifua gunia la Togwa kwa sabuni ya unga mpaka likabadilika rangi, akamwogesha na Togwa mwenyewe, akamvua ukanda wake wa shingoni wa mpira wa tairi uliochakaa, akamfunga utepe mwekundu shingoni.

Edgar akasimama mbali kidogo akamkagua. Akasema sasa huyu amekuwa bwana harusi, kilichobaki ni posa.

Jioni ile karakana ilikuwa safi na tupu kama darasa wakati wa likizo. Togwa aliingia chini ya meza, akazunguka, akanusa sakafu, akazunguka tena. Akatoka. Akalala kwenye saruji karibu na mlango wa jikoni, macho wazi. Editha alimwona akafikiri kwamba mbwa naye anaisubiri Krismasi.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Walirudi kutoka kanisani, pilau ikafunuliwa, harufu yake ikapanda ukutani na kuteremkia kwa majirani. Wageni waliingia na kutoka. Nyumba ya pili walikuwa wameweka spika mlangoni, na muziki wa singeli ulikimbia mtaa mzima kama maji ya bomba lililopasuka. Editha alitaka kila mtu amwone Togwa alivyopendeza, kwa hiyo alimfunga kamba kwenye ule utepe, akaifungia kwenye mpapai karibu na geti.

Togwa hakugusa chakula. Alipiga miayo mfululizo ilhali hakuwa na usingizi, akalamba midomo, akabana mkia, na lile sikio la kusimama nalo likalala. Mgeni mmoja alisema mbwa huyu mpole sana. Editha akatabasamu. Hakujua kwamba ule haukuwa upole. Ilikuwa hofu inayotafuta pa kwenda.

Alasiri baba yake aliondoka kuwasindikiza wageni kituoni. Kama ilivyo desturi ya mtaa ule, siku ya Idi sahani za kwa Bi Wahiba huja kwa kina Editha, na siku ya Krismasi sahani za kina Editha huenda kwa Bi Wahiba. Mama akampa Editha sahani mbili za pilau zilizofunikwa kwa vitambaa. Mikono yake ikajaa. Akalisukuma geti kwa kiwiko, akatoka, akalirudishia kwa kisigino. Komeo hakulifunga. Alijiambia kwamba anarudi sasa hivi.

Alikuwa kwenye baraza ya Bi Wahiba, ameshasema shikamoo na anaulizwa habari za mtihani, fataki zilipolia. Moja, halafu nyingine, halafu mkururo mzima, hapohapo nje ya ukuta wao. Kuku wakanyamaza. Editha akaziacha sahani mezani bila kusubiri vyombo vyake, akakimbia.

Geti lilikuwa wazi. Kwenye mpapai ilining'inia kamba, na mwishoni mwa kamba kipande cha utepe mwekundu.

Edgar alisimama pale, kiberiti mkononi, uso umempauka. "Mie nilirushia kule mtaroni, dada," alisema. "Sikumrushia yeye. Wallahi mbele ya Mungu sikumrushia yeye."

"Amekwenda wapi?"

Edgar hakujua. Alikuwa ameziba masikio na kufumba macho, alivyokuwa hodari wa fataki.

Wakamtafuta. Walipita njia ya mchanga hadi kwenye uwanja wa mpira, wakachungulia kwenye msingi wa nyumba isiyokwisha, wakauliza kila baraza. Editha aliita mpaka sauti ikakwaruza. Kila alipoita, spika ilimmeza. Watu walikuwa wamevaa nguo mpya, wanacheka, wanamkaribisha soda, na yeye alipita katikati yao kama mtu anayetembea ndotoni, midomo inafunguka na hakuna anayesikia. Jua lilikuwa limeanza kuwa la manjano. Baba angerudi kutoka kituoni wakati wowote, na akikutana na Togwa njiani, kila kitu kingekuwa kimekwisha. Editha alijiona ameshapanda gari la Vingunguti, kamshika Togwa mapajani, wakienda wawili na kurudi mmoja.

Waliporudi karibu na nyumbani wakiwa mikono mitupu, kichwa cha Bi Wahiba kilitokea juu ya ukuta, kimezungushiwa ushungi. Aliweka kidole mdomoni.

"Editha. Njoo uani kwangu, lakini polepole. Usiite wala usikimbie."

Uani kwa Bi Wahiba kulikuwa na banda la kuku la mbao na waya. Mlango wake wa chini, ule wa kutolea samadi, ulikuwa umesukumwa. Editha akapiga magoti akachungulia. Ndani kulikuwa na mwanga mdogo wa dhahabu uliopenya kwenye matundu, na vumbi likielea humo bila haraka. Kuku walikuwa wamekaa juu ya vijiti vyao. Chini yao, kwenye kona, amejichimbia ndani ya maranda mpaka yamemfunika mgongo, alikuwa Togwa. Alitetemeka mwili mzima. Maranda yalitetemeka naye.

Edgar akanong'ona kwamba aingie amvute. Bi Wahiba akamshika bega.

"Ukimvuta atachachamaa, na kuku watachachamaa, halafu hapa pataruka manyoya mpaka Bagamoyo. Mwache. Na mie siwezi kumshika, mwanangu, akinilamba nitajiosha mara saba, na leo maji hayatoki." Akavuta kigoda akaketi karibu na kile kimlango, akawaonyesha watoto nao wakae chini, ubavu wakielekeza kwa mbwa, wasimkodolee macho. "Sie tukae tuzungumze mambo yetu. Akisikia tumetulia, naye atatulia. Kitendawili."

Editha alimwangalia, hakuamini. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Nimesema kitendawili," Bi Wahiba akarudia kwa sauti ileile ya chini.

"Tega."

"Mgeni wangu hupita ukutani bila kutoboa."

Edgar akasema moshi. Si moshi. Akasema panya. Bi Wahiba akamwambia panya wa Ukonga labda, wa Bunju wanatoboa. Wakashindwa, akawadai mji. Editha akasema anampa Bunju.

"Bunju yote? Na nyumba yenu imo humo? Haya, nimekwenda nikakaa, nikala pilau yenu ikaisha, nikarudi. Mgeni huyo ni mlio. Ukifunga mlango unaingia, ukifunga dirisha unaingia. Sasa tega wewe."

Editha alifikiri kidogo. Kuku mmoja alimtazama kwa jicho la upande. Akatega: amevaa kilemba chekundu tangu utotoni, wala hajawahi kukifua. Bi Wahiba alijifanya anasumbuka sana, akataja masheikh wawili watatu, ndipo akasema jogoo. Edgar akacheka kwa pua. Wakaendelea hivyo, sauti zao zikiwa ndogo na za kulala, mwanga ukipungua kwenye matundu. Mle ndani maranda yaliacha kutetemeka.

"Kitendawili changu cha mwisho," Bi Wahiba akasema. "Kila mtu anayo nyumbani kwake, na hakuna aliyewahi kuiona."

Editha aliinamisha kichwa kwenye kimlango. Alikuwa anavuta pumzi. Mle bandani, pamoja na harufu ya kuku, ilikuja harufu tamu ya mninga na gundi na jasho la baba yake. Ilikuwa harufu ya chini ya meza. Hapo ndipo akaelewa yote kwa pamoja. Togwa alikuwa amekuja hapa kwa sababu moja tu. Alikifuata kitanda chake.

"Harufu," alisema. "Mimi ndiye niliyeitoa nyumbani."

Kwenye kimlango ilitokea pua, ikafuata paji la uso lenye vipande vya maranda, na Togwa akatoka kwa tumbo, akaweka kidevu chake juu ya mguu wa Editha.

Edgar alikuwa wa kwanza kupata akili. Alisema baba mdogo bado hajarudi, na hapa ukutani kuna pengo linalotokea uani kwao. Wakimpitisha sasa hivi, nani atajua? Editha akamgeukia Bi Wahiba.

"Mie sitakwenda kusema nisipoulizwa," yule mama alisema, "na nikiulizwa sitadanganya. Hilo lako, mwanangu, usiniwekee mie mgongoni."

Editha alilitazama lile pengo. Lilikuwa karibu sana. Halafu akamfunga Togwa kwa mtandio wake, akazunguka naye kwa njia ya mbele, akasimama getini. Baba yake alipotokea mwisho wa njia, hakusubiri kuulizwa. Alimweleza habari ya komeo, ya utepe, ya maranda, ya banda la kuku. Hakumtaja Edgar. Edgar akajitaja mwenyewe.

Albano alisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba, na kutogomba kwake kulimtisha Editha zaidi. Alisema tu kwamba ahadi aliitoa kwa Mzee Hashil, basi atakwenda kumwambia kwamba imevunjwa. Na Editha aende naye.

Mzee Hashil alikuwa ametoka kuswali magharibi, ameketi barazani, mbele yake ile sahani ya pilau. Alimsikiliza Albano bila kumkatiza. Kisha akamuuliza mkewe hali ya kuku. Bi Wahiba akajibu kwamba kuku wazima, hata yule aliyekuwa akitaga hakuinuka. Mzee akazungusha tasbihi yake. Editha aliutazama mkono ule unavyokwenda, akahisi moyo wake nao unazungushwa vilevile.

"Albano," mzee alisema, "ahadi ulimpa nani?"

"Nilikupa wewe, mzee wangu."

"Basi ni mali yangu. Siivunji, ila naisogeza mbele. Mkesha wa mwaka mpya unakuja, na fataki zitakuwa nyingi kuliko za leo. Mkimtunza akatulia, nitaisamehe. Akitoka, aende Vingunguti." Akamgeukia Edgar. "Na wewe kijana, fataki hizo mnazinunua wapi?"

Edgar aliangalia vidole vyake vya miguu. "Dukani kwako, babu."

Bi Wahiba akajifunika ushungi usoni, mabega yakawa yanacheza. Mzee Hashil alikohoa, akaangalia pilau, akasema imekolea viungo. Kesho yake kwenye kabati la vioo la duka lake, mahali palipokuwa na boksi la fataki, palikuwa na biskuti.

Siku zilizobaki Editha alifanya kazi kuliko alivyofanya kabla ya Krismasi, ila safari hii alimwangalia Togwa kwanza. Chumba cha ndani, kile cha kuhifadhia mbao kavu, kisichokuwa na dirisha la barabarani, walikifanya chake. Albano alipiga randa vipande vya mninga kwa makusudi ili kupata maranda, na Bi Wahiba akarudisha kiroba kimoja cha yale ya zamani ambacho hakuwa amekimwaga, akisema wachanganye ili mbwa asione ugeni. Ukanda wa mpira wa tairi ukarudi shingoni, na mama akaandika namba ya simu juu yake kwa kalamu isiyofutika. Edgar alikwenda kwenye nyumba ya spika akazungumza na vijana wenzake, nao wakakubali kuigeuzia upande wa uwanjani.

Mkesha ulipofika, Editha alimtembeza Togwa mapema, jua likiwa bado kali na watoto wengi wakiwa wanaoga. Akampa ugali na dagaa mapema pia. Mifupa ya kuku, ambayo Edgar alitaka kumtunuku, mama aliikataza kwa kuwa ingemchoma tumboni. Komeo la geti likafungwa, likafungwa tena kwa waya, na mgeni aliyekuja alipokelewa na mtu mzima.

Giza lilipoanza tu kuingia, fataki za kwanza zililia kutoka bondeni. Wenzake Editha walipita wakimwita aende kutazama. Aliwajibu kupitia mlangoni kwamba mwaka huu anautazama kutoka ndani. Redio iliimba kwa chini kwaya za kanisani. Mlio ukaja, Togwa akainua kichwa, akamtazama Editha. Editha hakushtuka, hakumkumbatia kwa pupa. Alimwambia tu, kwa sauti ile ya vitendawili, kwamba huyu ni yule mgeni wa ukutani, hana meno. Edgar aliingia akakaa naye. Milio iliongezeka, mingine karibu, mingine mbali, kama mvua inayobisha mabati ya watu wengine. Togwa alihema kwa nguvu kitambo, akazunguka mara moja, akajichimbia kwenye maranda. Kisha pua tu ndiyo iliyobaki nje.

Asubuhi ya mwaka mpya Mzee Hashil alikuja. Alisema hodi, akafunguliwa, akaingia mpaka mlango wa kile chumba. Editha alikuwa amekaa sakafuni, nywele zimejaa maranda. Alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, akasimama akimtazama mbwa aliyelala.

"Hakutoka?"

"Hakutoka, babu. Alitetemeka kidogo, halafu akalala."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Albano na Rosalia walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Nimewaza sana tangu siku ile," alisema. "Sie watu sikukuu tunaingoja mwaka mzima. Tunajua siku yake, tunajua kelele zake, tunajua na saa zitakapokwisha. Mnyama hajui. Kwake yeye dunia inapasuka tu, hajaambiwa kwa nini. Basi anayejua ndiye ajiandae kwa niaba ya asiyejua. Wewe, binti, ulimpamba mbwa kwa ajili ya macho yetu, na mie niliweka fataki dukani bila kuuliza zitalia wapi. Wote tulisherehekea, tukamwacha yeye peke yake." Akamgeukia Albano. "Ahadi yako nimeisamehe. Mbwa abaki kwake. Na wewe, binti, ulipomweleza baba yako mwenyewe kabla hajakuuliza, pale ndipo nilipoanza kuisamehe."

Rosalia akamkaribisha mzee aketi. Togwa hakuamka kwa lolote kati ya hayo. Miguu yake ilichezacheza kidogo, kama anayekimbia polepole mahali kusiko na kelele, na Editha akainuka kwa kunyata, akaenda kumchemshia mgeni chai.